Nikijifunza picha za saratani ng'ambo, nitarudi Kisumu kufanya nini?

"Habari Daktari. Nina miaka 34, nina shahada ya uzamifu katika kemia ogani, na kwa sasa ninafundisha vipindi vya kulipwa kwa saa katika chuo kimoja huku Kisumu. Nimeona tangazo la nafasi ya utafiti baada ya uzamifu, miaka miwili hadi mitatu, katika kitengo cha picha za kimolekuli za saratani nchini Marekani, na rafiki yangu ananihimiza niombe. Baba yangu mdogo alifariki kwa saratani ya umio, ndiyo maana jambo hili linanigusa; hata kaka yangu mkubwa siku hizi husukuma ugali kwa maji. Lakini nina maswali. Mimi si daktari wa hospitali, nitakubaliwa kweli? Mume wangu anahofia kwamba mionzi itaniharibia uzazi, nasi tunatamani mtoto wa pili. Wenzangu wananiuliza kwa nini nisome tena wakati nimeshafika mwisho wa kusoma. Na kubwa zaidi, mashine hizi sijaziona hapa Kisumu hata kwa macho. Nikijifunza huko, nitarudi kufanya nini?"

Dada yangu, kabla ya kugusa habari ya mafunzo, niruhusu nianze na sentensi uliyoipitia haraka, ile ya kaka yako. Mtu mzima anayeanza kuhitaji maji ili ugali ushuke, hasa katika ukanda huu wetu ambako saratani ya umio huonekana mara nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, hapaswi kungoja uamuzi wako wa viza. Aende hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapo Kisumu, au ile ya Moi kule Eldoret, au Tenwek kule Bomet ikiwa ndiko karibu naye, na aeleze wazi kwamba chakula kinakwama, ili afanyiwe endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kooni daktari auone umio wenyewe na kukata kipande kidogo cha kupimwa. Huenda ikawa ni kidonda cha asidi tu. Lakini ugonjwa huu una tabia ya kujificha mpaka njia ya chakula imebanwa sana, na mgonjwa anapofika mahali pa kunywa uji mtupu mara nyingi huwa tumechelewa. Hakuna picha ya kimolekuli, hata iliyo bora kabisa, inayochukua nafasi ya endoskopi hapo mwanzo.

Sasa nije kwako. Nimelisoma swali lako mara mbili na ninaona kwamba lile la mwisho ndilo mama wa mengine yote: unaogopa kutumia miaka mitatu ya ujana wako kujifunza kazi ambayo nyumbani haina meza wala umeme. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu nimewaona watu waliopatwa na jambo hilo hasa. Hata hivyo, mengi yanategemea unachochagua kujifunza ndani ya fani hii, na wewe kama mkemia una uhuru mkubwa wa kuchagua kuliko unavyodhani.

Kuhusu wenzako wanaosema unasoma tena, waeleze kwamba mafunzo haya hayana mtihani, hayana mahafali, wala hayakupi shahada nyingine. Ni uanagenzi. Kama vile fundi aliyemaliza chuo anavyokaa miaka kadhaa kando ya fundi mkuu kabla ya kufungua karakana yake, ndivyo mtafiti anavyokaa katika maabara ya mwenzake aliyemtangulia, akilipwa posho au mshahara, huku akifanya utafiti ambao mwishowe atauendesha mwenyewe. Utapimwa kwa makala utakazochapisha, kwa kazi ambazo mikono yako inaziweza, na kwa ombi la fedha utakaloandika kwa jina lako. Na hapana, si lazima uwe daktari wa hospitali. Picha moja ya aina hii hupita mikononi mwa mwanafizikia, mkemia, mfamasia, mwanabiolojia na mtaalamu wa kompyuta kabla haijamfikia daktari wa kuisoma, na anayekosekana mara nyingi zaidi ni mkemia.

Ili uone kwa nini nasema hivyo, hebu tuangalie jinsi picha yenyewe inavyopatikana. Eksirei na skani ya CT huonyesha umbo: uvimbe una sentimita ngapi, umekaa wapi, umesukuma nini. Picha ya kimolekuli huonyesha tabia, yaani seli zinafanya nini. Tunachukua molekuli ambayo seli ya saratani inaipenda au ina mahali pa kuishikia, tunaifunga kwenye atomu yenye mionzi, tunamdunga mgonjwa kiasi kidogo mno ambacho mwili hauhisi kama dawa, kisha tunasubiri. Atomu hizo zinapovunjika hutoa chembe iitwayo positroni, ambayo husafiri umbali wa milimita chache au pungufu, ikakutana na elektroni, na zote mbili zikatoweka na kuwa miale miwili inayokimbia pande mbili zinazopingana. Mashine ya PET ni pete ya vipokezi vinavyomzunguka mgonjwa. Vipokezi viwili vinavyotazamana vikipokea mwale kwa wakati mmoja, kompyuta huchora mstari kati yake, na mamilioni ya mistari hiyo hukutana mahali ambapo molekuli ilijikusanya.

Molekuli inayotumika zaidi ni sukari iliyobadilishwa kidogo, FDG, ambayo ni glukosi iliyoondolewa hidroksili moja, yaani kikundi cha oksijeni na hidrojeni, na kuwekewa florini-18, atomu yenye mionzi. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa, jambo ambalo Otto Warburg aliliona Ujerumani katika miaka ya 1920. Seli huivuta FDG ndani kama glukosi ya kawaida, kimeng'enya huitia fosfati, halafu hatua inayofuata inashindikana kwa sababu ile hidroksili haipo. Haiendi mbele, haitoki nje, imenaswa. Wewe uliyesomea kemia ogani naamini umeshaona uzuri wa jambo hili: kuhamisha kikundi kimoja cha atomu kumetoa kipimo ambacho leo hutumika karibu kila bara.

Lakini sukari haipendwi na saratani peke yake. Ubongo huila, moyo huila, na seli za kinga zinazopambana na kifua kikuu huila pia. Kwa hiyo tezi ya kifuani inayong'aa katika picha ya mgonjwa wa Nyanza, ambako kifua kikuu na VVU vimekuwa mzigo mzito kwa miaka mingi, inaweza kuwa saratani iliyosambaa, na inaweza kuwa kifua kikuu ambacho kingepona kwa vidonge vya miezi sita. Daktari aliyefunzwa mahali ambapo kifua kikuu ni nadra anaweza kuisoma vibaya bila kujua. Nakuomba ulishike jambo hili, kwa maana hapa kuna swali la utafiti ambalo wewe wa Kisumu unalifahamu kwa karibu kuliko wenzako wa Boston, na msimamizi mwenye busara atakuthamini kwa ajili yake.

Tuje kwenye mashine ambazo hujaziona. Kenya ina skani za PET pamoja na saiklotroni, yaani mashine ya kutengenezea florini-18, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na katika hospitali ya rufaa, mafunzo na utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tatizo la Kisumu, basi, haliko kwenye mashine ya picha peke yake. Liko kwenye saa. Kila isotopu, yaani aina ya atomu kama hizi zenye mionzi, ina nusu-uhai wake, muda ambao nusu ya mionzi yake huwa imeisha, na hakuna barafu wala jokofu linaloweza kuuchelewesha. Florini-18 ina dakika 110. Ukipakia sehemu 100 Nairobi na gari likachukua saa saba kufika Kisumu, zitafika sehemu saba hivi. Nakuru, kwa saa tatu za barabara, zitafika kama 32, na kwa ndege Kisumu nayo inaweza kupata kiasi kama hicho, ukihesabu muda wa kufunga mzigo, kukagua na kusubiri uwanjani. Hiyo si ndoto: FDG ya kwanza kabisa kudungwa binadamu, mnamo Agosti 1976 huko Philadelphia, ilitengenezwa Brookhaven katika jimbo la New York ikasafirishwa kwa ndege. Inawezekana, ila ni ghali, na ndege ikichelewa mgonjwa amefunga chakula bure.

Kuna njia nyingine, na hii ndiyo ningependa uiangalie kwa makini. Galiamu-68 ina nusu-uhai wa dakika 68 tu, kwa hiyo haiwezi kusafirishwa mbali, lakini huzaliwa kutokana na jerimaniamu-68 yenye nusu-uhai wa siku 271. Jerimaniamu hufungwa ndani ya safu ndogo iliyozungukwa na risasi nene, ile metali nzito inayozuia mionzi, chombo tunachokiita jenereta ingawa hakitoi umeme, nacho hukaa juu ya meza kikiwa na ukubwa wa ndoo ya rangi. Kinaletwa mara moja, kinatumika miezi tisa hadi mwaka. Kila asubuhi unapitisha mililita chache za asidi hafifu ya hidrokloriki kwa bomba la sindano, na galiamu inatoka upande wa pili. Baada ya saa nne hivi ng'ombe huyu anaweza kukamuliwa tena. Hakihitaji saiklotroni. Na mojawapo ya mahali vinapotengenezwa vyombo hivi ni hapa hapa Afrika, katika maabara ya iThemba karibu na Cape Town.

Acha nikuonyeshe asubuhi moja ya kazi hiyo, ili ujue unachoombwa kufanya. Galiamu imetoka, ina asidi nyingi mno. Ndani ya kichupa kuna molekuli yako, ambayo upande mmoja inatambua saratani na upande wa pili ina mikono inayoikumbatia metali kama gando la kaa. Unaongeza chumvi ya asetati ili asidi ipungue hadi pH ya karibu 4, unapasha moto nyuzi 95 kwa dakika 10, unapoza, unachuja, kisha unagusisha tone moja kwenye ukanda wa karatasi kuhakikisha kwamba karibu galiamu yote imeshikwa. Wakati wote huo saa inakula: kila dakika 68 umepoteza nusu. Siku moja mwanafunzi wetu alichovya karatasi ya pH, badala ya rangi ya machungwa hafifu ikatoka kijani, ishara kwamba asidi imepungua kupita kiasi, naye kwa kuogopa kuchelewa akaendelea. Katika pH ya juu kama hiyo galiamu hujifunga na hidroksidi na kuwa vichembe visivyoonekana kwa macho, na ini huvikamata vichembe vya namna hiyo. Tulipomweka panya kwenye skani, ini liling'aa kama taa ya stima na uvimbe begani ukabaki giza. Mashine haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa tone chache za asetati, na ni mkemia tu aliyeweza kuliona kabla panya hajadungwa. Mafunzo unayoyatafuta ni hayo: kuujenga mkono na jicho la kusimamisha kazi kwa wakati, hata kama umeshatumia nusu ya galiamu yako.

Sasa unganisha hayo na marehemu baba yako mdogo. Uvimbe wa umio hauna seli za saratani pekee; huzungukwa na seli za nyuzinyuzi ambazo uvimbe umezigeuza kuwa watumishi wake, na juu ya seli hizo huota protini iitwayo FAP ambayo tishu nyingi za mtu mzima mwenye afya zina kidogo sana. Wanakemia wa Heidelberg, Ujerumani, walitengeneza molekuli ndogo zinazoishika protini hiyo, wakazifunga na galiamu-68, na mwaka 2019 walichapisha picha za wagonjwa 80 wenye saratani za aina 28. Saratani ya umio ilikuwa miongoni mwa zilizong'aa kwa nguvu zaidi. Mgonjwa hahitaji kufunga chakula kwa ajili ya picha hiyo, jambo ambalo si dogo kwa mtu ambaye tayari chakula hakipiti. Sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa: molekuli hizi hung'aa pia mahali penye kovu, uvimbe wa kawaida na viungo vinavyouma, na bado kuna kazi kubwa ya kuthibitisha zinabadilisha nini katika matibabu. Lakini ugonjwa uko kwetu, jenereta haihitaji saiklotroni, na kemia ni ya daraja lako. Mtu anayetafuta mada ya kurudi nayo nyumbani hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Hofu ya mume wako inastahili jibu kamili, wala usiipuuze kwa kuwa yeye si mwanasayansi. Kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano, na vipimo vinavyojulikana kuharibu ovari ni vya maelfu, vikipokewa kwa mkupuo, kama inavyotokea kwa mgonjwa anayetibiwa kwa mionzi nyonga. Kazi ya maabara inayosimamiwa vizuri haifiki hata karibu na hapo. Palipo na tahadhari ya kweli ni ujauzito: mara utakapomwarifu msimamizi wa usalama wa mionzi, mtoto aliye tumboni hulindwa kwa kikomo cha kimataifa cha takriban milisivati 1 kwa muda wote uliobaki wa mimba, na kwa kawaida hilo humaanisha kuhamishiwa kwenye kazi zisizo na isotopu. Kwa hiyo usifiche mimba kwa kuogopa kuonekana mzigo. Muulize msimamizi kabla ya kusaini mkataba mama mjamzito hupangiwa nini katika maabara yake. Akisitasita, umejifunza jambo muhimu kumhusu.

Jambo moja zaidi hapo, kwa kuwa nimewakuta hata wenye uzamifu wakilikosea. Ile aproni ya risasi unayoiona kwenye chumba cha eksirei haikusaidii mbele ya positroni. Miale yake ina nguvu kiasi kwamba unahitaji milimita nne hadi tano za risasi kuipunguza kwa nusu tu, na aproni haina hata milimita moja. Kinachokulinda ni ukuta wa risasi mbele ya kichupa, koleo refu, na wepesi uliofanyiwa mazoezi kwa maji ya kawaida mara kumi kabla ya siku ya isotopu. Vaa beji ya kifuani na pete ya kidoleni za kupima mionzi, na usome matokeo yake kila yanapotoka, usiyaache kwenye faili.

Kuhusu tangazo la Marekani, nina habari ambayo huenda ikakuvunja moyo kidogo. Nafasi nyingi za namna hiyo zinazoitwa programu za mafunzo hulipwa na serikali yao kupitia ruzuku iitwayo T32, na sheria ya ruzuku hiyo inataka mwombaji awe raia wa Marekani au mkaazi wa kudumu. Tazama maneno hayo kwenye tangazo lako kabla ya kutumia usiku tatu kuandika barua. Usikate tamaa ukiyakuta, kwa sababu maprofesa wale wale huwa na fedha nyingine za utafiti zisizouliza uraia, na barua fupi ya moja kwa moja inayomweleza profesa unajua kutengeneza nini na unataka kuuliza swali gani inaweza kufungua mlango ambao fomu imeufunga. Ukifika hatua ya viza ya J-1, muulize afisa wa wageni wa chuo kama utafungwa na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, maana sharti hilo hutegemea nchi, fani na anayelipa, na jibu la rafiki aliyekwenda zamani huenda lisikuhusu.

Ulaya kuna ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie kwa watafiti wa baada ya uzamifu, ambao haubagui uraia. Katika miito ya miaka ya karibuni umetaka uwe hujapita miaka minane tangu upate shahada, na uwe hukuishi katika nchi unayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Hulipia mwaka mmoja hadi miwili. Ushindani wake ni mkali na ombi huandikwa pamoja na msimamizi, kwa hiyo anza kumtafuta miezi sita kabla. Ujerumani wana ufadhili wa Humboldt ambao nao unafaa kuangaliwa.

Maoni yangu mwenyewe, ingawa najua posho yake inaweza kuwa ndogo, ni kwamba uiweke Afrika Kusini juu ya orodha. Pretoria ina kituo cha utafiti wa tiba ya nyuklia, NuMeRI, kilichoshikamana na hospitali ya Steve Biko na chuo kikuu, na wagonjwa wanaopita pale wana kifua kikuu na VVU pamoja na saratani, kama wa kwetu. Utakayojifunza pale kuhusu galiamu utaweza kuyarudia nyumbani bila kubadilisha sana vifaa, tofauti na maabara tajiri ambako roboti hufanya kila kitu nyuma ya kioo na wewe hubonyeza kitufe. Mtoto wako naye atakuwa mbali nawe kwa saa chache za ndege badala ya bahari nzima, na hilo pia ni hesabu halali. Kama huwezi kuondoka kabisa kwa sasa, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huwa na mafunzo mafupi yanayoombwa kupitia serikali, na tangu mwaka 2022 limekuwa likiendesha mpango wa Rays of Hope wa kukuza huduma za saratani katika nchi zisizo na vifaa. Miezi mitatu haitakufanya mtaalamu, lakini itakuonyesha kama kazi yenyewe unaipenda.

Popote utakapokwenda, mchunguze msimamizi kuliko jina la chuo. Mimi nilikwenda ng'ambo katika maabara moja yenye sifa kubwa, ambayo sitaitaja, nikakaa miezi minane bila kugusa isotopu kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniombea kibali cha kufanya kazi na mionzi. Nilichora grafu za watu wengine, nikaosha vyombo, na profesa nilimwona mara nne. Ningeliuliza maswali matatu kabla ya kusafiri, yangeliniokoa: kibali changu kitaombwa lini na nani, waliokaa kwako miaka mitano iliyopita wako wapi leo, na je, nikiondoka nitaruhusiwa kuchukua mada yangu? Hilo la tatu lijibiwe kwa maandishi. Waandikie pia wawili waliowahi kufanya kazi pale, maana aliyeondoka husema yale ambayo aliyebaki hawezi kuyasema.

Na kabla hujaondoka, funga uzi wa nyumbani. Jenereta haiwezi kuingizwa Kenya kama mzigo wa kawaida. Inahitaji idhini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inahitaji chumba kilichokaguliwa, na utafiti juu ya wagonjwa unahitaji kamati ya maadili pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Mambo haya huchukua muda mrefu, na mtu anayeyaanza baada ya kurudi hujikuta amekaa mwaka mzima na ujuzi unaopoa. Nenda ukaonane ana kwa ana na mkuu wa idara ya saratani katika hospitali unayotamani kufanya kazi nayo, iwe Kisumu, Eldoret au kituo cha saratani cha Nakuru, umwombe barua ya ushirikiano hata ya ukurasa mmoja. Usimwombe ajira, hana. Mwombe akubali kuwa mwenzako katika swali moja la utafiti, kwa mfano umio na kifua kikuu, na umtumie taarifa kila miezi sita ukiwa ugenini. Mkataba wa kazi na masuala ya likizo ya uzazi mpelekee wakili au afisa wa ajira akusomee. Hayo mimi sina sifa ya kukushauri kwa barua.

Ikiwa baada ya haya yote utaona kwamba isotopu hazikuvutii, kumbuka kwamba kuna picha za kimolekuli zisizo na mionzi kabisa, kama zile za rangi zinazong'aa kwa mwanga wa infraredi, ulio jirani na mwekundu lakini hauonekani kwa macho, ili daktari wa upasuaji aone mpaka wa uvimbe akiwa anakata, na kemia yake ni ogani tupu. Milango iko zaidi ya mmoja.

Wiki hii andika barua mbili tu, moja kwa profesa unayemchagua na nyingine kwa daktari wa saratani aliye karibu nawe, kila moja isizidi ukurasa. Ukipata majibu niandikie tena, tuyapitie pamoja kabla hujasaini chochote, na uniambie pia endoskopi ya kaka yako imesema nini.